Do Yetu Haishushwi

Kabla hamjaniuliza tena: hapana, sitaimba na mikro, kile kipaza sauti chenu. Na hapana, sitafundisha kwa kile kinanda chenye kitufe cha kupandisha na kushusha wimbo. Anayetaka kitufe aende zake, Uvira haina uhaba wa kwaya. Nyinyi mliobaki, haya nimewaandikia nyinyi, mkasome taratibu nyumbani, maana nimechoka kuulizwa maswali yaleyale kila Jumamosi mazoezi yakiisha na njaa imenikamata.

Najua mbele yangu mnaniita Mama Opera. Najua pia kwamba mkishafika barabarani mnaniita Mama King'ora. Sijakasirika. King'ora angalau husikika, na nimewajua waimbaji wengi ambao hawakuwahi kupata bahati hiyo.

Kazi yangu ilikuwa soprano kolorature. Soprano mnaijua, ndiyo sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu. Kolorature ni ile ya juu kuliko zote, tena yenye mbio: noti ndogondogo nyingi kwa pumzi moja, kupanda, kushuka, kuruka, bila kuteleza. Niliifanya kazi hiyo kwenye majumba ya opera na kumbi za konseri huko Ubelgiji na nchi za jirani mpaka koo liliposema basi, kisha nikarudi hapa Mulongwe nilikozaliwa. Katika maisha yangu yote ya kuimba ni mtu mmoja tu aliyetaka kunipandisha. Wengine wote walitaka kunishusha. Wa hapa walitaka, wa kule walitaka, baadhi kwa ubaya na baadhi kwa huruma, na hao wa huruma ndio walionisumbua zaidi. Nitawaeleza nilivyokataa, kwa sababu wapo kati yenu wanaoshushwa sasa hivi na hawajui.

Mtu huyo mmoja alikuwa Mwalimu Kashindi. Asubuhi alifundisha shule ya msingi, jioni alikuwa dirijan, mwongozaji wa kwaya ya kanisa letu. Alikuwa mwembamba, mkanda wa suruali umemzunguka karibu mara mbili, ana kikohozi kisichokwisha na sikio linalosikia kosa lako hata ukilificha nyuma ya besi wote. Kwaya ile haikuwa na chombo chochote. Wimbo uliandikwa ubaoni kwa do, re, mi. Kabla ya kuanza Mwalimu alifumba macho, akalamba midomo, akatoa do, noti ya kuanzia, kutoka kooni mwake. Sisi tuliishika, kila sauti ikatafuta mahali pake kutoka hapo, tukaondoka.

Hapa nisikilizeni vizuri. Kwetu do haikupigiliwa msumari mahali. Iko pale dirijan anapoiweka. Akiiweka juu, wimbo mzima unapanda na sauti ya kwanza wanatoka jasho. Akiiweka chini, wimbo unashuka, kila mtu anaimba kwa raha zake. Madirijan wengi ni watu wenye huruma. Mvua ikinyesha, au watu wakiwa na mafua, au wakiwa wametoka shambani wamechoka, wanaiteremsha kidogo. Wiki inayofuata wanasahau kuirudisha.

Mwalimu Kashindi hakuwa na huruma hiyo. "Do haishushwi," alituambia kwa kile Kiswahili chake cha Biblia. "Asiyefika anyamaze. Aliyefika aendelee. Wiki ijayo tutaona." Tena alikuwa na ujanja ambao niliugundua nikiwa mtu mzima: kila baada ya muda aliipandisha do kidogo sana, kiasi cha unywele, bila kutuambia. Sisi tulidhani tunaimba wimbo uleule wa mwezi uliopita.

Sauti yangu ilipotokea, ilitokea bila adabu. Jumapili moja niliimba kama kawaida, na kina mama wa mstari wa mbele wakageuka wote kwa pamoja kuona nani ameumia. Haikupita muda wakaenda kwa Mwalimu. Wakamwambia yule binti wa muuza mchele anatoboa masikio, anawafunika wenzake, awekwe sauti ya pili atulie. Sauti ya pili si adhabu. Wengi wenu mnaimba humo na mnaimba vizuri, kwa kuwa ndiyo sauti yenu. Mimi nilikuwa napelekwa kama mtu anayewekwa chini ya kitanda wageni wakija.

Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akasema sauti ikizidi inasogezwa, haishushwi. Akanisogeza. Mstari wa tatu, wa nne, wa mwisho, na bado walilalamika, mpaka nikajikuta nimesimama mlangoni, nusu ndani ya kanisa na nusu nje. Majira ya mvua yalinikuta hapohapo. Uso mkavu, mgongo umelowa, naimba sifa za Mungu huku waendesha baiskeli wakisimama barabarani kuangalia. Nilikuwa na hasira, lakini noti yangu ilibaki ilipokuwa. Mkiambiwa mmezidi, basi rudini nyuma hatua kadhaa. Umbali hupunguza ukali bila kuharibu kitu, na atakayewaambia mbane koo ili mfanane na wengine anawaharibia kazi.

Kuhusu pumzi, mmeniuliza sana. Mwalimu alitufundisha ziwani. Nyuma ya kanisa kulikuwa na ufuo, tukaingia majini mpaka kifuani na nguo zetu, tukaimba. Maji yanakubana mbavu pande zote na wewe unajifunza kuzifungua dhidi yake, wala huwezi kudanganya, ukiinua mabega mawimbi yanakupiga mdomoni. Jioni moja kiboko aliinua kichwa si mbali na sisi, akaguna kwa ile sauti yake ya chini kabisa. Mwalimu alikuwa amempa mgongo. Hakugeuka. Alimwambia Yonasi wa besi kwamba ameingia mapema, asubiri zamu yake. Yonasi wakati huo alikuwa ameshafika nchi kavu, na sisi wengine tulimfuata na sketi mkononi.

Ufuo ule haupo tena. Ziwa limepanda, limekula mchanga na nyumba za mbele, kwa hiyo msiende kujaribu. Fungeni kitenge kifuani, kikaze barabara, mkiimba mkisukume kwa mbavu. Ni kilekile, isipokuwa hakuna kiboko.

Na zile mbio, je? Hizo nilijifunza kwa mama yangu, ambaye hakujua hata noti moja. Mama alitoka Luberizi na aliuza mchele wa huko sokoni, na mimi kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuuchambua kwenye ungo. Nilikuwa nachambua nikiimba, naacha mawe, wateja wanarudi wameshika shavu. Mama akanikataza kuimba. Nikamwomba, tukabishana, mwisho tukapatana hivi: niimbe, lakini noti moja kwa punje moja, kidole kisisonge mpaka noti iwe safi. Siku za kwanza nilienda pole mno, nilitamani kulia. Baada ya muda vidole vikaanza kukimbia vyenyewe, na koo likavifuata. Mpaka leo sijui njia nyingine ya kujifunza kolorature. Anza polepole kiasi cha kujichosha, toa kila jiwe, na mbio zitakuja bila kuitwa. Miaka mingi baadaye, kabla ya kupanda jukwaani, nilikuwa nakaa chumba cha kuvalia na sahani ya mchele mbele yangu. Wanawake wa mavazi waliamini ni uchawi wa kwetu. Sikuwakatalia, waliniachia chumba peke yangu.

Sasa lile kosa langu, ambalo nasikia mnasimuliana vibaya. Halikuwa kama mnavyolisema. Lilikuwa hivi.

Nilifika Ubelgiji kwa kaka yangu mkubwa, nikajipeleka kwenye shule ya muziki ya mji alikokuwa anaishi. Jina la shule nitalinyamazia. Bwana mmoja alinipokea, akaniuliza hili na lile, akasikiliza ninavyozungumza. Sauti yangu ya kuzungumza mnaijua, ni ya mwanamume anayeswaga ng'ombe. Akaamua hapohapo kwamba mimi ni sauti ya chini. Hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kwa upole kwamba waimbaji wa kutoka kwetu wana sauti nzito, nzuri sana, akanipa wimbo wa opera wa kujipima nao, ambao ulikuwa umeandikwa upya na kushushwa ili unifae. Hakuwa amenisikia nikiimba hata noti moja.

Nilijifunza wimbo huo jikoni kwa kaka yangu, nikiugeuza kuwa do, re, mi kama Mwalimu alivyonizoesha. Piano sikuwa nayo. Do niliiweka pale koo langu lilipopenda, ningejuaje kwamba kule do ina mahali pake na haihami. Siku ya jaribio nikaingia ukumbini. Walimu wamekaa mezani, na kwenye piano yuko mama mzee mwenye nywele nyeupe, Madame Odile. Alinipa salamu ya kichwa, akainua mikono aanze. Kule piano ndiyo inayotangulia na ndiyo inayokuonyesha pa kuingilia. Hakuna aliyeniambia. Kwetu mwimbaji wa peke yake hujitolea do mbele ya watu, na asiyefanya hivyo anaonekana hakujiandaa. Nikafumba macho, nikalamba midomo, nikatoa do ndefu yenye afya, nikaondoka.

Piano ikaingia nyuma yangu, chini huko, mahali pengine kabisa. Tuligongana mpaka mtu mmoja pale mezani akacheka. Madame Odile akaondoa mikono. Mwingine angesimama, aombe radhi. Mimi sikusimama, kwa sababu Mwalimu alitufundisha kwamba kwaya ikivunjika, anayesimama ndiye aliyekosea. Nikaendelea peke yangu katika ukumbi ule mkubwa. Nikafika kwenye mbio, nikazichambua punje kwa punje, nikapanda hadi noti ya mwisho, nikaikalia. Nikiwa nimeikalia hivyo, nikasikia kitu laini kinaingia chini yangu. Madame Odile alikuwa amenitafuta, akanipata nilipo, akaja na piano yake. Tulimaliza pamoja.

Yule bwana aliuliza ni nani aliyeniambia niupandishe wimbo. Nikamjibu ukweli, kwamba sikujua umepanda. Madame Odile akagonga noti yangu ya mwisho mara moja tu, ili kila mtu aone iko wapi, na mkono wake wa kulia ulibidi unyooke kuifikia.

"Binti, nani alikupa do hiyo?" akaniuliza.

"Nilijipa mwenyewe."

"Basi usimwachie mtu mwingine akupe," akasema, akaanza kukusanya karatasi zake.

Walinihamishia kwa wenye sauti za juu. Msidhani mambo yalinyooka baada ya hapo. Madame Odile alinifundisha kusubiri piano, kwa ukali, akinipiga bega kwa karatasi kila nilipotangulia. Siku ya kuagana alinipa diapazoni yake, kile kijiuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga kinatoa noti ya la isiyobadilika. Nilimshukuru na nikakificha sandukuni. Nilijiona nina diapazoni kooni, chuma cha nini.

Nikaingia kazini. Kazi ya kolorature kwenye opera ni kuwa malkia mwenye hasira, au kijakazi mjanja, au binti aliyepagawa kwa mapenzi. Wote hao huimba noti nyingi kwa sababu wana mengi ya kusema na hakuna anayewasikiliza. Niliwaelewa vizuri sana. Mara moja nilipewa nafasi ya malkia, na mshonaji akaniletea vazi la ngozi ya chui, ya bandia. Mwenye kupanga mchezo akasema watazamaji watanielewa haraka zaidi. Nikamuuliza malkia huyu anatawala wapi. Akasema kaskazini, nchi ya theluji. Nikamuuliza chui alifikaje huko. Akanidokeza kwamba kama sipendi malkia, nafasi ya kijakazi bado iko wazi.

Sikubishana naye. Nilichukua sahani yangu ya mchele, nikaketi ukingoni mwa jukwaa, nikaanza kuchambua. Wengine walifanya mazoezi wakinizunguka. Ikafika zamu ya malkia kuimba, okestra ikapiga, mimi nikachambua. Kesho yake vilevile. Mwishowe hariri ililetwa. Ilinibana kwapani, lakini ilikuwa hariri.

Siwadanganyi kwamba kukataa ni bure. Zipo nafasi nilizozikataa na hazikurudi. Wapo walionitaka niimbe nyimbo za kwetu tu, miguu peku, na nilipowaambia nitaziimba siku nitakayopenda mwenyewe, hawakuniita tena. Nimelia kwenye tramu, uso umegeukia kioo, na rangi ya jukwaani bado iko machoni. Iliuma. Lakini asubuhi nilifunga kitenge changu kifuani, nikaanza tena na do.

Nilirudi nyumbani kupitia Bujumbura. Pale Kavimvira afisa wa mpakani aliniuliza kazi yangu nini. Nikamwambia kuimba. Akauliza kuimba rumba? Nikamwambia opera. Akakuna kichwa, akataka kuandika kwamba mimi ni mfanyabiashara, maneno yaishe. Nikamwambia hapana, andika mwimbaji wa opera. Akasema nimwonyeshe. Basi nikamwonyesha, kidogo tu, kwa heshima ya mahali. Wabadili fedha wakaacha kuhesabu, na mama mmoja akashusha beseni lake kichwani ili asikie vizuri. Afisa akanigongea muhuri, akasema, "Mama, pita. Unatishia bantu hapa ku mupaka." Lakini aliandika.

Mengine mnayajua. Kwaya ilinikabidhi udirijan, na nikarudisha mambo kama Mwalimu alivyoyaacha: ubao, do, re, mi, na do kutoka kooni mwangu. Halafu akaja Sifa.

Nyote mnamjua Sifa, lakini wengi wenu hamkuwepo alipoanza. Mama yake ni mfanyabiashara wa kuvuka mpaka, na mtoto alizoea kumwita kutoka ng'ambo ya foleni ya magari. Siku ya kwanza alifungua mdomo na mstari wa mbele wote ukageuka. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Baada ya wiki chache Baba Bahati, rais wetu wa kwaya, akanifuata. Ni mtu mwema, ananiletea ndagala wabichi, dagaa wa ziwani, bila kuombwa.

"Mama, huyu mutoto sauti yake iko inapita ya benzake," akasema. "Tumuweke mu sauti ya pili, apoe kidogo."

"Baba Bahati, weye unapoza uji," nikamwambia. "Mutoto haiko anapozwa."

Hatukuelewana siku hiyo. Konseri ya kwaya zote ilikuwa inakaribia, na wimbo wetu una ile noti ya juu inayoimbwa na mtu mmoja peke yake. Tulikubaliana hivi: Sifa ataifanyia mazoezi, na Jumamosi ya mwisho kabla ya konseri Baba Bahati na wazee wa kwaya watasikiliza. Akiifikia bila kupiga kelele, ni yake na anabaki sauti ya kwanza. Akishindwa, anakwenda sauti ya pili na mimi nanyamaza. Nilikubali kwa kiburi. Nilijua anaweza.

Nikamfundisha kila kitu. Kitenge, mchele, pumzi. Mwanzoni noti ile ilimtesa, ilimtoka kali na mishipa ya shingo imesimama. Kadiri wiki zilivyopita ikawa rahisi, laini, nzuri. Mstari mzima wa sauti ya kwanza ukawa laini. Nilikuwa natembea Mulongwe nzima nikijisifu. Hata Baba Bahati aliniambia, kwa furaha kabisa, kwamba sasa anaona mtoto anapoa. Neno hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili, lakini nilikuwa nimelewa sifa.

Ilikuwa imebaki Jumamosi moja. Mlikuwa mmeondoka, mimi napanga benchi, Sifa amesimama kando anazungusha kamba ya begi kidoleni. Nikamuuliza ana shida gani. Akasema hana shida. Nikamwambia basi aende. Hakwenda.

"Mama, usinikasirikiye," akasema. "Do yako iko inashuka."

"Weye unasema nini?"

"Tangu mvua ianze iko inashuka. Ile noti ilikuwa inaniuma hapa. Sasa haiumi tena. Siye minye nimeendelea, mama. Ni wimbo njo umekuya chini."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna muntu. Ni koo yangu tu."

Nilimfukuza. Ndiyo, nilimwambia aende kwao, na sikumwambia kwa sauti ya upole. Kisha nikaenda nyumbani, nikafungua sanduku, nikatoa diapazoni ya Madame Odile. Nikatoa do yangu kwanza, ile ninayowapa nyinyi, nikaishika. Nikagonga chuma gotini, nikakiweka sikioni, nikahesabu kutoka la yake mpaka mahali pa do yangu ninapopajua tangu Ubelgiji. Nikarudia. Nikafunga dirisha, nikarudia tena.

Do yangu ilikuwa imeshuka karibu noti mbili nzima.

Nilikaa kitandani nimekishika kile chuma. Wazungu hawakuniweza, na kina mama wa mstari wa mbele walishindwa. Kumbe koo langu lilikuwa linashuka polepole, unywele kwa unywele, na mimi kila Jumamosi nalifuata bila kusikia, na nyinyi nyote mnanifuata mimi. Nilikuwa nimekuwa dirijan mwenye huruma, na aliyekuwa anahurumiwa ni mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Halafu nikakasirika, na hasira ikanisaidia, kama kawaida yake.

Nilijaribu kuipandisha. Nilifunga kitenge, nikamimina mchele. Do ya zamani niliipata, lakini kutoka hapo kwenda juu koo langu lilikwaruza kama mlango wa bati. Ningeweza kuitoa kwa kile chuma, niwaanzishie, kisha nisimame mbele yenu nikifungua mdomo bila kuimba. Wapo madirijan wanaofanya hivyo. Mimi nilifundishwa kwamba asiyefika anyamaze, na aliyefika aendelee.

Jumamosi ile mnaikumbuka. Baba Bahati na wazee walikuwa wamekaa pembeni na mikono kifuani. Mlisimama, mkanitazama mnasubiri.

"Sifa, toa do," nikasema.

"Minye?"

"Weye. Usiniangalie minye. Fumba macho."

Baba Bahati akanyanyuka nusu, akauliza, na mama je? Nilivuka sakafu kutoka pale anaposimama dirijan mpaka benchi la sauti ya pili, nikamwambia Mama Riziki asogee. Mama Riziki ameimba sauti ya pili tangu tukiwa wasichana, na alifuatana na kina mama wale wa mstari wa mbele walionisemea kwa Mwalimu Kashindi. Akasogea. Akanikaribia sikioni.

"Nani amekushusha?" akaninong'oneza.

"Hakuna. Nimekuya na miguu yangu."

Sifa akatoa do. Ilikuwa juu. Si ile yangu ya mwaka jana, ni juu ya hiyo. Mtoto yule hakunionea huruma hata kidogo. Mlitazamana. Wimbo ukaondoka, na kabla ya ubeti wa pili nusu ya sauti ya kwanza walikuwa wamenyamaza, wamelowa jasho, kama tulivyokuwa tukinyamaza sisi. Sifa akaendelea. Noti ilipofika aliipanda na mishipa ya shingo imesimama, ikauma, niliona inamuuma, akaifikia, akaikalia. Baba Bahati alikuwa amesahau kukaa chini. Mimi nilikuwa nimepotea kabisa, kwa sababu katika maisha yangu yote sikuwahi kujifunza sauti ya pili, nikawa natafuta njia mle ndani kama mgeni. Mama Riziki akanidunga kiwiko mbavuni.

"Fuata minye," akasema.

Nikamfuata. Tukaingia chini ya noti ile, sisi wote wa sauti ya pili, tukaishikilia mpaka Sifa alipomaliza pumzi yake.

Diapazoni sasa iko kwa Sifa, maana ndiye anayewapa do. Nimemwambia aigonge kila mwezi, hata kama anajiamini, hasa kama anajiamini. Nanyi msimwombee huruma. Mvua itanyesha, mafua yatakuja, mtatoka shambani mmechoka, na mtu mwema atakuja na ndagala mkononi kuwaambia ishuke kidogo tu, kwa leo tu. Mwambieni anitafute. Niko benchi la sauti ya pili, karibu na dirisha.